UZI: Rekodi za seli za sola zinavunjwa kila leo, sasa hela ya utafiti inaishia wapi?

Elektroni Huru (mwenye uzi)

Wakuu salaam.

Nipo kwenye fani ya vifaa vya nishati, upande wa maabara sio upande wa kuuza, na nimeona bora niandike uzi kabisa kuliko kujibu komenti moja moja kila siku. Kila baada ya wiki mbili tatu inatoka habari, mara rekodi ya sola imevunjwa, mara kimepatikana kichocheo kipya cha kutengeneza haidrojeni bila madini ghali, watu wanashea weee, halafu mmoja anauliza mbona hivi vitu sokoni hatuvioni. Swali zuri sana, ila majibu anayopewa mengi ni ya njama, eti kampuni za mafuta zimenunua patenti zikazifungia kabatini. Jamani hapana. Sababu kubwa inachosha zaidi ya hiyo: hela ya utafiti inaikimbilia namba inayopendeza kwenye andiko la mradi, na namba inayopendeza sio ile inayoifanya paneli ikae juu ya bati miaka 25.

Chukua perovskaiti. Kwa asiyejua, hii ni familia ya vifaa vyenye mpangilio fulani wa atomu, madini yenyewe ya kwanza yalitambuliwa na Gustav Rose mwaka 1839 kutoka milima ya Ural, ila zinazotumika kwenye sola ni za kutengenezwa maabara, mara nyingi zina risasi na iodini. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka kule Japani likatoa pepa ya seli yenye ufanisi wa asilimia 3.8. Nani angeshtuka? Tena ilikuwa na kimiminika ndani ambacho kilikuwa kinaila seli yenyewe. Mwaka 2012 watu wakatoa kimiminika wakaweka kitu kigumu, ufanisi ukafika kama asilimia 10, na hapo ndo mafuriko yakaanza, kila profesa mwenye maabara ya kemia akageuka mtu wa perovskaiti. Sa hivi tabaka moja tu inapita asilimia 26. Silikoni ilianza na kama asilimia 6 kule Bell Labs mwaka 1954 na mwaka 2022 ndo LONGi, kampuni ya China, wakatangaza 26.81, yaani karibu miaka 70 ya kazi, hawa wengine wamemaliza safari ileile ndani ya miaka kumi na kitu.

Na kuna sababu ya kisayansi ya watu kuchanganyikiwa, sio fasheni tu. Shockley na Queisser walishaweka njia ya hesabu mwaka 1961, na kwa njia hiyo seli ya tabaka moja haiwezi kuvuka kama asilimia 33 chini ya jua la kawaida, na silikoni yenyewe ukomo wake ni kama 29. Maana yake silikoni imebakiza kidogo sana. Ukitaka kwenda juu inabidi ubebanishe, perovskaiti juu inakamata mwanga wa bluu na kijani, ule mwekundu unapita unakamatwa na silikoni chini. LONGi walifikisha 33.9 mwaka 2023 na 34.6 mwaka 2024 kwa njia hiyo. Hongera zao, sina utani hapo.

Sasa shika hapa. Rekodi nyingi za hivi zinapimwa kwenye kipande cha sentimita moja ya mraba au chini ya hapo, kwenye joto la nyuzi 25, mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba, ndani ya maabara ya uthibitisho kama Fraunhofer ISE pale Ujerumani. Kipimo halali kabisa. Lakini paneli ya juani inapiga nyuzi 60 na zaidi, ina unyevu, ina usiku na mchana, inatanuka inasinyaa. Kipimo cha kimataifa cha IEC 61215 kinataka uiweke kwenye nyuzi 85 na unyevu asilimia 85 kwa saa 1000, hiyo ni wiki sita hivi mfululizo, halafu kuna mizunguko 200 ya kutoka hasi 40 hadi 85. Perovskaiti haipendi maji, haipendi joto, na hata mwanga wenyewe unafanya ioni zake zihame humo ndani.

Sasa we ni mfadhili una maandiko 80 mezani. Moja linasema nitavunja rekodi. Lingine linasema nitaweka seli 400 kwenye oveni nione zinavyokufa. Utampa nani?

Kapasita

Umeandika vizuri mkuu ila mi nabaki palepale, hii hela ya serikali kwenye nishati safi ni upigaji kwa kiasi kikubwa. Mmesahau Solyndra? Dola milioni 535 za walipa kodi wa Marekani zikayeyuka, kampuni ikafilisika 2011. Halafu leo mnataka hela zaidi ya kuchoma vipande kwenye oveni 😂

Elektroni Huru

@Kapasita nilijua Solyndra lazima aje, uzi wa sola bila Solyndra haujakamilika.

Ile haikuwa hela ya utafiti kiongozi, ilikuwa dhamana ya mkopo wa kujenga kiwanda, vitu viwili tofauti kabisa. Teknolojia yao ya mirija ya CIGS (aina ya sola isiyotumia silikoni) ilikuwa inafanya kazi, kilichowaua ni bei. Walipiga hesabu wakati silikoni ghafi ni ghali, bei ikaporomoka, basi. Kiwanda kinaweza kufa na sayansi ikabaki nzima.

Ukitaka mfano wa hela ya utafiti nenda Australia, chuo cha UNSW, kundi la Martin Green. Miaka ya 80 hawa watu walikuwa wanahangaika na mgongo wa seli ya silikoni. Elektroni zikifika nyuma zinapotelea kwenye chuma, wakaweka tabaka jembamba la kuzuia halafu wakaacha matobo madogo ya kupitishia umeme. Ndo PERC hiyo, pepa yake ilitoka 1989. Ikakaa. Ikakaaa. Kiwandani imekuja kuwa ya kawaida miaka ya 2010 na kitu, baadaye ikatawala soko la dunia nzima kabla TOPCon, muundo mwingine mpya zaidi wa seli za silikoni, haijaanza kuisukuma pembeni. Mwaka 2023 Green na wenzake Blakers, Wang na Zhao wakapewa Tuzo ya Malkia Elizabeth ya uhandisi. Mwanafunzi wao mmoja wa PhD, Shi Zhengrong, ndo alianzisha Suntech kule China mwaka 2001.

Piga hesabu sasa, pepa ya 1989 kiwanda kinaanza kuielewa zaidi ya miaka 20 baadaye. Mradi wa utafiti wa kawaida una miaka mitatu, ukibahatika mitano. Kama ungekagua ule mradi baada ya miaka mitano ungesema umefeli.

Bi Maabara

Nimecheka hapo kwenye "ikakaa ikakaaa". Ukiona vyaelea jamani vimeundwa.

Naomba niongeze upande wa vichocheo maana ndo nilipo, na sisi matatizo yetu ni mabaya kuliko ya watu wa sola. Wao angalau wana namba moja inayothibitishwa na maabara huru. Sisi kila mtu anajipima mwenyewe nyumbani kwake.

Kwa wanaoanza: mashine ya kupasua maji kupata haidrojeni, ile aina ya PEM (yenye utando katikati), upande mmoja inatumia platinamu na upande wa oksijeni inatumia iridiamu. Iridiamu duniani inachimbwa kati ya tani 7 na 8 tu kwa mwaka, sehemu kubwa Afrika Kusini, na inatoka kama mabaki ya uchimbaji wa platinamu, kwa hiyo hata bei ikipanda huwezi kusema tufungue mgodi wa iridiamu. Sasa ukizingatia zile gigawati ambazo nchi zinatangaza, hesabu haiendi bila kupunguza kiasi kinachopakwa kwa sentimita ya mraba angalau mara kumi. Ndo maana hela nyingi ya wafadhili inaenda kwenye "vichocheo visivyo na madini adimu". Sawa.

Kinachofuata ndo vituko. Mtu anatengeneza kichocheo chake cha kobalti sijui cha molibdenamu, anakipima kwenye asidi, elektrodi ya upande wa pili ameweka waya wa platinamu. Anaendesha saa kadhaa, kichocheo "kinaimarika chenyewe" kadri muda unavyokwenda. Anaandika pepa. Kumbe platinamu ya ule waya inayeyuka kidogo kidogo inasafiri inakwenda kujipaka juu ya kichocheo chake, anachopima ni platinamu! Dawa yake ni rahisi, weka fimbo ya grafaiti, na bado pepa za waya wa platinamu zinaendelea kutoka.

Nikeli nayo ilikuwa na siri yake. Miaka mingi watu wanasifia oksidi ya nikeli kwenye alkali kwa kutoa oksijeni, hadi ikaonekana kwamba kazi kubwa inafanywa na uchafu wa chuma uliomo kwenye potasi, yaani ile alkali yenyewe. Mtafiti Corrigan alishasema mwaka 1987, kundi la mtafiti mwingine, Boettcher, likaja kulithibitisha vizuri 2014 kwa kuisafisha potasi, ukitoa chuma nikeli inakuwa ya kawaida tu. Uzuri ni kwamba leo tunaweka chuma kwa makusudi.

Amonia ndo usiseme. Njia ya kawaida ya kiwandani, ya Haber na Bosch, inatoa zaidi ya asilimia 1 ya hewa ya kaboni ya dunia nzima, kwa hiyo ukija na andiko linalosema nitatengeneza amonia kwa umeme, maji na hewa tu, mfadhili anasimama. Zikatoka pepa mamia. Mwaka 2019 watafiti wa vyuo vya Stanford, DTU ya Denmark na Imperial wakatoa pepa kwenye jarida la Nature wakasema jamani amonia ipo hewani, ipo kwenye glovu, ipo kwenye vyombo, na kiasi mnachoripoti nyie ni kidogo kiasi kwamba kinaweza kuwa ni hiyohiyo. Pima kwa naitrojeni 15, ile isotopu nzito, ikitokea kwenye amonia ndo tujue imetoka kwenye gesi yako. Walipoanza kupima hivyo vichocheo vingi vikanyamaza. Njia ya kutumia lithiamu ndo ilisimama.

Kwa hiyo @Kapasita upotevu upo, ila haupo kwenye kutoa hela. Upo kwenye kutotoa hela ya kurudia vipimo vya wenzako. Isotopu ni ghali, na hakuna tangazo la ufadhili niliwahi kuliona limeandikwa "njoo uhakiki kazi za wengine".

Kapasita

Duh. Hiyo ya waya wa platinamu sikuwahi kuisikia. Sawa dada nimekuelewa, ila naona umenisaidia mimi kuliko mwenye uzi 😅

Swali Tu

Samahani wakuu mi sio mtu wa fani, naona hii AI inatabiri vifaa vipya kwa mamilioni, hiyo si itamaliza haya mambo ya kubahatisha? Kwa nini wafadhili wasihamishie hela yote huko

Elektroni Huru

@Swali Tu hilo ndo linaloulizwa kwenye kila kikao siku hizi.

Nikurudishe nyuma kidogo. Fritz Haber alionyesha amonia inawezekana 1909, lakini kichocheo chake cha kwanza kilikuwa osmiamu, adimu kupita kiasi. BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, wakampa Alwin Mittasch kazi ya kutafuta kingine, akajaribu michanganyiko kwa maelfu, kweli maelfu, akaishia kwenye chuma chenye alumina na potasi kidogo. Kiwanda cha Oppau kikawaka 1913. Kichocheo cha ukoo huohuo kinatumika mpaka leo, na kuelewa kwa undani kinavyofanya kazi juu ya uso wake kulichukua miongo mingi, Gerhard Ertl alipata Nobel yake 2007 kwa kazi za namna hiyo. Mittasch alipata jibu kabla ya maelezo.

AI na hesabu za kompyuta zinakusaidia kupunguza yale maelfu. Materials Project ya maabara ya Berkeley, hifadhi ya sifa za vifaa zilizopigwa kwa kompyuta, ipo tangu 2011, data ya bure, inatumika kweli na watu wengi, kwangu mimi hiyo ni kati ya hela zilizotumika vizuri kuliko zote. Mwaka 2023 DeepMind, kampuni ya AI ya Google, wakatoa programu yao ya GNoME, fuwele milioni 2.2 zikiwemo 380,000 walizosema zinaweza kuwa imara. Wakati huohuo Berkeley wakatangaza maabara ya roboti, A-Lab, eti imetengeneza vifaa 41 kati ya 58 kwa siku 17. Wanakemia wengine wakachukua data zile wakazipitia upya wakasema hapana, vingi hapo ni vitu vinavyojulikana tayari, ni atomu tu zimechanganyika nafasi na programu ikasoma kama kitu kipya. Mabishano yakawa makubwa.

Kompyuta itakuambia fuwele ni imara kwenye nyuzi sifuri kabisa, haitakuambia gundi ya pembeni ya paneli itaachia mwaka wa nane. Na kutabiri bei yake ni nafuu, kutengeneza ndo ghali. Ukihamishia hela yote kwenye kutabiri utakuwa na orodha ndefu sana ya vitu ambavyo hakuna mtu wa kuvipika.

Nusu Volti

Nipo mwaka wa mwisho wa masters, natafuta nafasi ya PhD ya vichocheo au perovskaiti, nimepata maprofesa wawili wamejibu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie niangalie nini kwenye upande wa ufadhili, isije ikawa nafika hela imekata.

Bi Maabara

@Nusu Volti mdogo wangu usione haya kuuliza hela, muulize profesa moja kwa moja mshahara wangu unatoka mfuko gani na unaisha lini. Kama ni wa ERC (baraza la utafiti la Ulaya) ule wa kuanzia ni hadi euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, wa kati milioni 2, wa juu milioni 2.5, unakuwa umetulia kidogo maana umefungwa kwa mtu na wazo lake, hawamsumbui sana na malengo ya kila robo mwaka. Kama ni mradi wa ushirika wenye viwanda ndani, utaandika ripoti mpaka uchoke ila utaona kitu kikitoka maabara kwenda nje, na hiyo ina thamani yake.

Halafu uliza vifaa. Wana visanduku vingapi vya glovu vyenye naitrojeni (vya kufanyia kazi bila hewa wala unyevu) na foleni ikoje? Oveni ya kuzeeshea wanayo yao au wanaazima? Mtu anayejiita wa perovskaiti na hana sehemu ya kupima uimara ujue utakuwa unavunja rekodi tu na kukimbia.

Nukta Saba

Niongeze hapo: nenda kasome pepa za wanafunzi waliotoka kwake, uone kama kuna hata moja inayoripoti wastani wa seli nyingi au zote zinaonyesha ile "bora kuliko zote". Ukikuta zote ni seli moja ya bahati, kimbia.

Ila mwenye uzi umekuwa mkali sana kwa wafadhili. Wapo walioshtuka mapema. Marekani walianzisha DuraMAT mwaka 2016 mahususi kwa uimara wa paneli, na 2021 wakaanzisha kituo cha PACT, chini ya maabara za taifa za Sandia na NREL, cha kupima perovskaiti nje juani kwa kampuni mbalimbali. Na watafiti wenyewe walikaa 2020 wakakubaliana namna moja ya kupima uimara wa perovskaiti, zile taratibu za ISOS. Kwa hiyo sio kwamba hakuna anayelipia oveni.

Halafu hata hela ya "ndoto" huwa inaacha kitu. JCAP, kituo cha utafiti cha Marekani, ilianza 2010 na dola milioni 122 kwa miaka mitano, Caltech na Berkeley, lengo ni kutengeneza jani bandia linalogeuza jua na maji kuwa mafuta, wazo ambalo chimbuko lake ni Fujishima na Honda na titani oksidi yao ya 1972. Jani la kuuza halijatoka. Lakini pale ndo ilionyeshwa kwamba ukipaka tabaka la titani oksidi juu ya silikoni inaacha kuliwa na maji ya alkali, kitu ambacho watu wanatumia mpaka kesho. 2020 hela ikahamia kwenye miradi mingine miwili, LiSA na CHASE.

Elektroni Huru

@Nukta Saba nakubali kuhusu DuraMAT na PACT, ila angalia uwiano wake na hela inayoenda kwenye rekodi halafu uniambie.

Kinachoniumiza zaidi ni kukatika katikati. Oktoba 2025 wizara ya nishati ya Marekani ilitangaza kufuta miradi 223, kama dola bilioni 7.5 hivi, haidrojeni ikiwemo. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote wa kisiasa, sijali, lakini kipimo cha uimara ambacho kimefika saa 600 kati ya 1000 ukikizima hakina nusu ya matokeo, hakina kitu kabisa. Kazi ya rekodi ikikatizwa angalau una rekodi ya mwaka jana. Kwa hiyo watu wanajifunza, wanachagua kazi fupi, na ndo tunarudi palepale.

Kapasita

Swali la mwisho kwa mwenye uzi, naomba jibu la moja kwa moja bila somo. Mimi nataka kufunga sola mwaka huu. Nisubiri hizi za perovskaiti au?

Elektroni Huru

Usisubiri. Oxford PV, kampuni iliyotoka chuo cha Oxford mwaka 2010, ndo walipeleka paneli za kwanza za kibiashara za mchanganyiko kwa mteja Septemba 2024, ufanisi wa paneli nzima asilimia 24.5, silikoni nzuri za kawaida zinacheza 22 hadi 23. Faida ipo ila ni hiyo pointi mbili, mzigo ni mdogo, na hakuna paneli ya aina hiyo iliyokaa juani miaka 25 tukaiona. Funga silikoni. Ukifika dukani muulize muuzaji karatasi ya IEC 61215 ya modeli hiyohiyo unayonunua, sio ya modeli nyingine ya kampuni hiyo, na soma dhamana imeandika itabakiza asilimia ngapi mwaka wa 25. Akianza kukuonyesha rekodi ya maabara mwambie asante, nenda duka linalofuata.